Nusu Hatua Kushoto

Mume wangu alinipiga mateke miaka ishirini na mbili, na wallahi sikumchukia hata siku moja. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma isiyo mahali pake. Alikuwa akiendesha winchi bandarini, na huko alifundishwa karate na mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kufunga mitambo. Walikuwa wakifanya ndani ya ghala tupu saa ya chakula, wenziwe wakila, wao wanarushiana miguu. Mgeni alipomaliza kazi akaenda kwao, mume wangu akabaki na mateke yake na hana wa kumpiga. Akaniangalia.

"Mama watoto, hebu simama hapa."

Nikasimama. Nilishona mto wa gunia, nikaujaza makumbi na matambara, nikautia vishikio viwili vya kamba nyuma. Kila asubuhi baada ya sala, kabla ya chai, niliushika mbele ya tumbo naye akaupiga. Mwezi wa kwanza nilianguka kama mkungu wa ndizi. Baadaye nikajua. Teke hutanguliza habari zake kabla halijafika: bega hushuka kidogo, kisigino cha mguu uliosimama hugeuka, ndipo lije. Ukiona kisigino, umeshaona teke. Nami nikajifunza kupiga, kwa kuwa alitaka kuliona kosa lake kwa mtu mwingine. Nilipitisha leso katikati ya miguu nikaifunga kiunoni, nikamrushia. "Nyonga, mama watoto! Nyonga! Mguu ni kamba tu, nyonga ndiyo yenye kuirusha!" Nilikuwa na mapaja ya mtu aliyezaa watano, na mapaja hayo yalipanda mpaka kifuani pake. Mkanda sikupewa. Mimi nilisoma Kurani chuoni, na skuli nilikwenda miaka mitatu, nikatolewa kuja kulea wadogo zangu. Sikuzoea kupewa vyeti.

Nyumba yetu ilikuwa Kuze, mji wa kale wa Mombasa, nyumba ya mawe ya zamani, ndani ina ua. Ua wenyewe mwembamba: huku ngazi ya kwenda darini, huku choo na jiko, na kati hapo kisima, mdomo wake umejengewa kwa mawe mpaka magotini. Mfereji ulikuwa ukitoa maji siku unayopenda wenyewe, basi kisima hakikufunikwa na majirani walikuja kuteka. Ndani ya ua huo mume wangu alifundisha watu karate. Walikuwa sita sita, alasiri, vijana wa bandarini, wa reli, wa madukani. Kukodi ukumbi hakutaka. "Karate ya ukumbini ni ya kutazamwa," alikuwa akisema. "Anayejua kurusha mguu kwenye ua huu, atarusha popote." Nilipika chai nikaipitisha nyuma ya pazia. Wale vijana walinijua kwa chai. Hawakujua kuwa kila teke aliloonyeshwa mmoja wao alasiri, mimi nilishalila asubuhi.

Wanafunzi wake wengine walikua, wakafungua madarasa yao, mmoja Tononoka, mwengine Majengo. Lakini siku ya mtihani wa mkanda mweusi wanafunzi wao waliletwa kwetu, wakasimama pale pale uani, naye akawatahini mwenyewe. Aliyefaulu alifungwa mkanda, aliyeshindwa aliambiwa rudi. Hakuna mtu wa nje aliyeingia kutazama.

Mjukuu wangu alianza akiwa na miaka sita. Mamake, binti yangu wa pili, aliolewa mara ya pili akaenda Malindi, akaniachia. Babu yake alimwita "mke wangu", kama mababu wote wa kwetu, na mimi nikamwita "mke mwenzangu", na utani ukaenda hivyo mwaka baada ya mwaka.

"Mke mwenzangu, mumeo ataka chai."

"Mpelekee wewe mkubwa, mimi mdogo nadekezwa."

Alikuwa mwembamba, mweusi tititi, miguu mirefu kama ya korongo, na teke lake la pembeni lilitoka kimya. Hilo ndilo jambo. Teke la wanaume wengi hutoka na kelele, guo linapigapiga, mtu anaguna. Lake ulilisikia likishafika. Nilipomshikia mto nilisema moyoni, huyu amemzidi babu yake, na babu yake alijua, na hilo lilimfurahisha mpaka akawa hawezi kulisema. Miaka ya tisini ilipoingia alikuwa na miaka kumi na saba, mkanda wa hudhurungi umechakaa ncha. Babu yake akamwambia, Ramadhani ikiisha nitakutahini, mkanda mweusi. Wa kwanza wa kike katika nyumba hii.

Ramadhani ikaisha. Siku ya tisa ya mfunguo mosi mume wangu alitoka msikitini, akakaa kwenye baraza kuvua viatu, akavua kimoja.

Sina mengi ya kusema juu ya hilo. Waliniletea kiatu cha pili baadaye. Watu walilia, nyumba ilijaa, wanawake walinishika huku na huku kama naanguka, nami nilikuwa nimesimama imara kuliko wao. Nilihesabu vikombe. Nilimwambia mtu asitie sukari nyingi. Nilikuwa kama mguu uliolaliwa ukafa ganzi: unauona ni wako, unaugusa, lakini hauleti habari.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, kama sheria inavyotaka. Kwetu mjane aliye ndani ya eda huitwa kizuka. Kizuka hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hatii manukato, wala haonani na wanaume wasio maharimu wake. Watu walidhani nitaona dhiki. Sikuona kitu. Nilikaa kwenye kigoda uani nikatazama ukuta, na ukuta ukanitazama.

Siku ya arubaini na ushei, mwanafunzi wake mkubwa, yule mwenye darasa Tononoka, alikuja mlangoni. Alisimama nje, mimi ndani nyuma ya mlango.

"Asalaam aleikum, mama. Mwashindaje?"

"Aleikumu salamu. Twashukuru. Sema."

"Mama, mtihani wa mikanda myeusi utafanywa ukumbi wa Tononoka, wiki sita kutoka leo. Watakuja watahini wa nje, si watu wetu. Sasa huyu binti..."

"Huyu binti ana nini?"

"Mimi nilifikiri angoje mwaka ujao. Watu wasema mwalimu alimpendelea kwa kuwa mjukuu wake. Akianguka mbele ya wageni, watasema kweli. Itakuwa aibu juu ya jina la marehemu."

"Na asipokwenda watasemaje?"

Nikamsikia akisugua soli ya kiatu kwenye kizingiti.

"Watasema kweli vilevile," nikamwambia. "Muandikishe."

Mjukuu wangu alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Alikwenda kuchukua ule mto wa gunia, akaniletea.

Basi tukaanza, kizuka na mke mwenziwe. Asubuhi mateke, alasiri ile wanayoiita kata. Kata ni mpango wa mapigo usio na adui. Mtu hupigana na hewa, hatua zinajulikana, na inatakiwa imalize pale ilipoanzia, unyayo juu ya unyayo. Nilikaa kwenye kigoda nikamhesabia kwa Kijapani, ile lugha ya mgeni wa ghalani, ichi, ni, san, moja, mbili, tatu. Namba hizo nilizijua kabla sijajua namba za basi.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuja kuteka maji, akatukuta, mimi nimeshika mto, mtoto ananitwanga.

"Ebo! Shoga, kizuka wapigwa mateke?"

"Wataka zamu yako?"

"Mume hata hajaoza kaburini, na wewe warukaruka."

"Sijaruka. Aliyeruka ni huyu. Mimi nimesimama."

"Watu watasema!"

"Waambie waje na ndoo zao. Maji ni bure, na maneno pia."

Akateka maji yake akaenda, lakini kesho alirudi akakaa kwenye ngazi kutazama, na kesho kutwa alikuja na viazi vyake vya kumenya. Ndivyo alivyo. Mimi mateke yale sikuyasikia. Nilijua kuwa yana uzito, maana nilirudi nyuma, lakini uchungu haukuja. Nilikuwa nikivua nguo kuoga naona alama za kijani ubavuni, nashangaa zimetoka wapi.

Siku moja kabla ya magharibi alikuja mwanamke mmoja wa bara kunipa pole. Alifanya kazi ofisi za reli, Mkristo, mkubwa wa mwili, mcheshi. Karate alijifunzia huko huko kwao bara, kwa walimu wengine kabisa, akapata mkanda mweusi kabla ya kuhamishwa Mombasa. Alikuwa amemwona mjukuu wangu kwenye mazoezi ya wasichana pale uwanja wa Tononoka akampenda. Akatoa pole yake vizuri, akanywa chai, kisha akavua viatu.

"Mama, utaniruhusu nifanye kata na huyu dada mara moja? Siku mbili sijanyoosha mgongo."

"Fanyeni. Mimi nitahesabu."

Wakasimama, mjukuu wangu mbele, yeye nyuma. Nikahesabu. Hatua ya kwanza, ngumi. Hatua ya pili, ngumi. Hatua ya tatu mjukuu wangu akateleza kushoto nusu hatua, ndipo akaenda mbele. Wakarudi mwanzo, wakabadilishana nafasi, nikahesabu tena, sasa yule wa bara ndiye yuko mbele. Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Hatua ya tatu akaenda moja kwa moja, na mguu ukapiga mdomo wa kisima, ko! Akashika muundi akachechemea kwa mguu mmoja.

"Uwi! Mama yangu! Nani ameweka kisima katikati ya kata?"

Jirani kwenye ngazi akacheka mpaka viazi vikamwagika. Mjukuu wangu akacheka. Mimi nikamletea maji ya chumvi. Alipokuwa akikanda muundi akamuuliza mtoto, "Lakini wewe mbona hukujigonga?"

"Mimi nimefanya ile hatua ya kushoto."

"Hatua gani ya kushoto?"

"Ile ya kati ya pili na tatu."

"Dada, hakuna hatua ya kushoto hapo. Unaenda mbele tu, moja, mbili, tatu. Umeitoa wapi hiyo?"

"Babu ndivyo alivyotufundisha."

Nikasimama na bakuli mkononi. Nilimwona mume wangu, si kwa ndoto wala kwa machozi, nilimwona tu kama unavyoona kiti. Anafundisha, wanafunzi nyuma yake, ua mwembamba, na anapofika kisimani anateleza kushoto nusu hatua, kama mtu ampishaye mzee njiani. Aliyeko nyuma anamwona anateleza, naye anateleza. Wa nyuma yake vilevile, hata aliyeko mbali na kisima. Miaka nenda miaka rudi. Kule ghalani alifundishwa moja kwa moja, naapa, maana mwanzo kabisa, tulipokuwa tukikaa chumba cha kupanga huko Tononoka, alikwenda moja kwa moja mpaka akagonga kabati langu. Tulipohamia Kuze ndipo akaanza kupita ubavuni. Mwanzo alijua anakwepa. Baadaye mguu ukasahau kuwa unakwepa. Na kila siku kata yake ilimalizia nusu hatua mbali na pale alipoanzia, akatazama chini, akasogeza miguu yake, basi. Nami nilimwona akisogeza. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani ni sehemu yake.

Yule mwanamke alipoondoka, nikamwambia mjukuu wangu.

"Babu yako alikuwa akikwepa kisima."

"Si kweli."

"Umeona muundi wa mgeni."

"Huyo kafunzwa vingine. Watu wa bara wana yao. Babu hakukosea."

"Mke mwenzangu, babu yako alikosea mengi. Alioza meno kwa sukari. Alipaka nyumba rangi ya samli. Na hili kalikosea."

"Wasema hivyo kwa kuwa hulii!" Akanipigia kelele, mtoto ambaye hakuwahi kunipandishia sauti. "Wewe hujalia hata siku moja! Hukumpenda! Sasa wataka niende nikasimame mbele ya watu, niwaonyeshe kuwa alikuwa hajui!"

Hayo yalikuwa maneno makubwa. Nilingoja yaniingie. Yalisimama mlangoni, hayakuingia.

"Ukifanya yake, utaanguka," nikamwambia. "Watahini hawakukijua kisima chetu. Wataona mtu asiyejua njia. Watasema aliyekufundisha ni bure. Ukifanya iliyo sawa, utapata mkanda, na watasema ulifundishwa vyema. Chagua ipi itamfaa."

Alikwenda akalala chini kifudifudi mpaka adhana. Alipoamka akasema, "Haya. Nifundishe."

Lakini mwili si mtumwa. Akili yake ilikubali, mguu ukakataa. Akifika hatua ya tatu, mguu wa kushoto unatoka wenyewe. Uani hapakuwa na namna ya kwenda moja kwa moja bila kuvunja mfupa, na darini tungeonekana na Kuze nzima. Nilitafuta ndani ya nyumba mahali pa kwenda hatua nne sawasawa bila kitu njiani. Palikuwa na pahali pamoja tu, chumba changu. Nyumba zetu zile vyumba vyake ni virefu na vyembamba, maana boriti za mkoko zina kipimo chake. Chumba changu kilikuwa kirefu vya kutosha, ila katikati palikuwa na samadari yetu, kitanda cha nguzo nne nilicholetewa kwa harusi, watoto wote walizaliwa juu yake.

Nikaita jirani. "Njoo na nyundo."

"Ya nini?"

"Tuvunje kitanda."

Akanitazama. Akaenda, akarudi na nyundo. Tuligonga kabari zikatoka, tukalegeza mbavu, tukakunja kamba. Nguzo moja ilikuwa imeshikana na vumbi la miaka, nikaipiga teke. Nasema kweli, teke la mbele, kisigino, nyonga ikiwa ndani yake, ikatoka mara moja. Jirani akasema, "Lahaula," akaketi. Tulizisimamisha mbao ukutani, tukafagia. Chini ya kitanda palitoka kandambili yake moja, sarafu, kopo la maganda makavu ya balungi aliyokuwa akinusa. Nikaviweka dirishani. Nikachukua ufagio tena.

Mjukuu wangu alipotoka skuli akakuta chumba kitupu. Akasimama mlangoni.

"Bibi, utalala wapi?"

"Godoro hulalika chini pia. Vua viatu."

Mwezi mzima tulifanya humo. Nilikaa pale alipotakiwa kufika, mgongo ukutani, nikamwambia asinitazame mimi, atazame njia. Mara mia kwa siku. Mguu wa kushoto ukitaka kutoka, naupiga kwa kipande cha kamba ya kitanda. Mwanzo alilia kwa hasira. Wiki ya tatu mguu ukaacha kutoka, lakini bega likawa linainama kushoto, kama mtu anayeogopa tawi. Nikalipiga bega. Wiki ya nne bega likaacha, macho yakawa yanahama. Macho siwezi kuyapiga. Nikamwambia, "Kisima hakimo humu. Na babu yako hayumo. Kuna sakafu tu." Akafanya. Alimaliza unyayo juu ya unyayo. Tukatazama chini sote wawili. Hakushangilia, wala mimi.

Siku ya mtihani nilimpasia nguo nyeupe kwa pasi ya makaa, nikamfunga ule mkanda wa hudhurungi, akaenda na yule mwanamke wa reli. Mimi kizuka nisingeweza kwenda, na sikutamani. Sikutamani kitu siku hizo. Nilichambua mchele. Nikachambua ule ule mara ya pili. Jirani aliniletea tambuu, akasema maneno mengi, sikumbuki hata moja. Baada ya alasiri wakarudi.

Mtoto alikuwa na mdomo umepasuka na nguo ina tone la damu. Aliketi chini mbele yangu akaeleza, na yule wa reli akawa anadakia.

Mateke alifanya vizuri. Kupigana alipigwa mdomoni, akarudisha teke la pembeni, kijana aliyepigana naye akaketi. Kisha wakaitwa wote watano pamoja kwa kata, katikati ya ukumbi mkubwa mtupu, hakuna nguzo wala kiti. Wanne wengine wote wavulana wa darasa la Tononoka na la Majengo, wanafunzi wa wanafunzi wa mume wangu, hata mmoja hajakanyaga uani kwetu. Wakahesabiwa. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu yeye akaenda moja kwa moja, na wale wanne wote wakateleza kushoto nusu hatua. Aliyekuwa kuliani kwake akamgonga bega.

"Nilijua nimekosa," akasema. "Bibi, wanne wao na mimi peke yangu. Mguu ukataka kuwafuata. Nikasikia kama nimekwenda nikamkanyaga Babu."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda tu."

Alimaliza pale alipoanzia. Wale wanne walimaliza pembeni, wakatazama chini, wakasogeza miguu yao, wote kwa pamoja. Yule wa reli aliponionyesha namna walivyosogeza, kisigino kwanza, nikamtambua mume wangu mara nne.

Mtahini mkuu akawasimamisha. Akawauliza wale vijana, "Pale mnakwepa nini?" Mmoja akajibu, "Ndivyo ilivyo, mwalimu." "Ndivyo ilivyo wapi?" Akamgeukia mjukuu wangu. "Wewe hujakwepa. Wajua wao wanakwepa nini?"

"Ukamjibu?" nikauliza.

"Nikamwambia, kisima cha nyumbani kwetu."

Watu wakacheka ukumbi mzima. Kisha yule mwanafunzi mkubwa, aliyekuja mlangoni kwangu, aliyejifunza uani miaka kumi na akateleza kushoto maelfu ya mara, akafunika uso kwa kitambaa. Walidhani anacheka. Alikuwa akilia, mwanaume mzima, mkanda kiunoni.

Yeye alilia. Nilimwonea wivu kidogo, na huo wivu ndio kitu cha kwanza nilichokihisi tangu kile kiatu.

"Na mkanda?" akauliza jirani, aliyekuwa amechoka kungoja. "Mwaeleza kama hadithi, mkanda je?"

"Nimepata. Wale wanne wameambiwa warudi mwakani."

Jirani akatia kigelegele, nikamziba mdomo kwa mkono. Nyumba ya msiba. Akanilamba kiganja kwa makusudi, na mtoto akacheka, mdomo ukatoka damu tena.

"Na wewe," jirani akaniambia, "sema basi umefurahi."

"Sijui," nikasema. Lilikuwa ndilo neno la kweli. Nilijua kuwa ni jambo kubwa, kama unavyojua kuwa chai ni ya moto kwa kuuona moshi.

Mjukuu wangu akatoa karatasi ndani ya bahasha. Ni ile ya cheti, akasema, itarudishwa Jumatatu igongwe muhuri. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa. Chini palikuwa na mstari mtupu wa mwalimu.

"Niliwaambia mwalimu wangu amefariki," akasema. "Mtahini akaniuliza, nani aliyekutoa kisimani? Nikasema Bibi. Baadhi wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema basi na aandike yeye."

Akaweka kalamu mbele yangu. Nilijiuliza niandike jina la nani. La mume wangu nililijua kuliandika kuliko langu. Niliandika kwa jina lake barua zote za ruhusa za watoto skuli. Mtoto alikuwa ameshika pumzi. Hakuniambia cha kuandika, lakini aliutazama mkono wangu kama anavyotazama njia.

Nikaandika langu. Herufi zangu kubwa kubwa za darasa la tatu, ya mwisho ikatoka nje ya mstari na ikabidi niipindishe chini. Niliupuliza wino ukauke.

"Shika," nikamwambia. "Usiikunje."